Kura Moja, Skelby Mashariki

Karatasi ya kwanza niliyoikunjua ilikuwa na bata.
Mtu kamchora bata kwa penseli ya halmashauri,
ile iliyofungwa uzi isiibwe,
bata mnono, ana hadi manyoya,
na alama ya kura hakuna popote.
Msimamizi akaiinua kwenye taa, akaishusha.
"Imeharibika," akasema,
ingawa bata mwenyewe alikuwa mzima.

Ndivyo tulivyoanza, saa nne na nusu usiku,
kwenye ukumbi wa michezo, mistari ya badmintoni sakafuni,
makarani kumi na wawili, vidole vimevaa kofia za mpira.
Nje mvua ya Mei, mvua isiyo na haraka,
inanyesha kama mtu anayesimulia ugonjwa wake.

Kata yenyewe ndogo. Makanisa mawili,
moja sasa ni duka la mazulia.
Basi namba ishirini na saba, mara tatu kwa siku,
abiria wanne na mikoba yao.
Na mtaro wa Mtaa wa Kinu, uliozibika
tangu sijaota ndevu.

Noreen Garthwaite, diwani miaka kumi na tisa, alilitetea basi.
Kirsty Pounder, muuguzi wa wanyama, aliapa kuuzibua mtaro.
Fedha ya vyote viwili haikuwepo,
na kila mtu alijua.

Mama alikuwa wa basi. Mimi wa mtaro:
maji yameingia jikoni kwangu mara mbili,
viatu vikaelea hadi chini ya meza.
Kila uchaguzi tulikwenda pamoja
tukafutana, kura yangu na yake,
kisha tukanunua keki mlangoni.
"Tumetembea bure," angesema, "isipokuwa keki."

Mwaka huu kadi yake ilifika tarehe tisa Aprili.
Tulimzika tarehe mbili.
Nikaibandika kwenye friji, kwa sumaku ya kaa.

Saa nane usiku: Garthwaite, mia tano na tatu.
Pounder, mia tano na tatu.
Tukahesabu tena. Tukahesabu mara ya tatu.
Bata akatolewa, akatazamwa upya,
labda atasema neno.
Mia tano na tatu. Mia tano na tatu.

Asiyekuwepo na lake halipo, walinena wahenga.
Hawakuhesabu kura Skelby, wale.
Lake lilikuwepo, mezani, kati ya mafungu mawili,
nafasi ya upana wa kiganja,
na hakuna aliyeiona ila mimi.

Sheria yasema wakifungana ipigwe kura.
Si hii ya penseli. Ile ya kale, ya vijiti na kokoto:
neno likarudi kwao usiku, kwa mlango wa nyuma.
Msimamizi akaandika majina mawili, akayakunja,
akayatia kwenye kopo la biskuti,
akatazama dari, akaingiza mkono.
Noreen alishika kifungo cha koti lake.
Kirsty alifumba macho, ananukia bado dawa ya viroboto.

Pounder.
Na anayeangukiwa na kura huongezewa kura moja.
Mia tano na nne: kura isiyo na kadi wala kidole,
iliyozaliwa kwenye chenga za biskuti.
Makofi machache. Noreen akavuka ukumbi,
akamwambia mwenzake jambo, sikulisikia,
wakacheka wote wawili, wamechoka.

Nikarudi kwa miguu. Mtaro ulikuwa umefura,
unasukuma majani kwenye ngazi za watu.
Jikoni nikawasha taa. Kadi ipo.
Kituo ni ukumbi wa kanisa, inasema,
saa moja asubuhi hadi saa nne usiku,
usisahau kitambulisho.

Nimeshinda, nikaiambia.
Friji ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

Saa kumi na mbili na robo likapita la kwanza, ishirini na saba,
taa za ndani zinawaka, viti vitupu.
Dereva alipunguza mwendo mbele ya lango letu,
kama alivyozoea,
kisha akakanyaga mafuta.